Meno ya Bibi Hayaumi

9 Februari

Bibi, mke mwenzangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini magoti yametulia na yule paka ameacha kulala ndani ya kapu lako la nguo. Mimi ni mzima. Nimepata chumba kwa mama mmoja mzee, godoro gumu, shuka safi, dirisha linatazamana na ukuta. Mama huko nyumbani amekwisha kukuambia kwamba nilifika salama. Ni kweli. Lakini Mama anajua kile tu nilichomwambia Mama. Wewe keti kwanza.

Ungekuwa na simu kama binadamu wengine, ningekupigia siku ileile, ungenicheka, yakaisha. Lakini unasema umewaunganishia watu simu miaka thelathini na moja pale posta, ukasikia yote waliyoambiana, na hutaki tena sauti ya mtu isiyo na uso. Haya, soma.

Chuo kiliahidi kwamba uwanja wa ndege nitapokewa na mtu aliyeshika karatasi yenye nembo ya chuo. Nembo yenyewe ni jino. Nikatoka, nikamwona mwanamke ameinua karatasi yenye jino kubwa jeupe, nikadhani ni tangazo la dawa ya meno. Nikampita. Tena nikamtikisia kichwa kumwonyesha kwamba sihitaji.

Mbele yangu walikuwapo akina mama kama thelathini, wote na mitandio ya bluu. Mmoja akanitabasamia, akasema maneno marefu. Nikamjibu kwa neno pekee nililojifunza kwenye ndege, yaani "ndiyo". Ni neno la hatari sana kwa msafiri. Akanivisha mtandio wa bluu, akanishika mkono, tukapanda basi. Nikasema moyoni, chuo hiki kinajali watu.

Tukashushwa kwenye ukumbi mkubwa. Nikapewa jalada jekundu, nikapangwa mstari wa pili, kati ya mama mnene na mama mnene zaidi. Pazia lilipofunguliwa ndipo nikaelewa kwamba hii ni kwaya, haya ni mashindano, na watu mia tano wananitazama. Ningefanya nini? Nilifungua mdomo na kuufunga, nyimbo tatu nzima, bila kutoa sauti. Tukawa wa pili, Bibi. Tulikumbatiana. Nililia kama wenzangu. Aibu ilikuja walipogawa vyeti: kikapungua kimoja, wakahesabiana mara tatu, kila mara nikijihesabu nami kwa uaminifu. Mwisho nikatoa barua ya chuo. Wakacheka hadi dereva wa basi akaja kuuliza kuna nini, kisha wakanipeleka chuoni wakiimba. Yule wa karatasi ya jino alikuwa amenisubiri kwa muda wa saa nne. Ni karani wa chuo, na hadi leo hanisalimu.

Niambie, meno niliyokutengenezea yanaendeleaje? Kama si wewe kukaa mbele ya Daktari Mkuu na kumchekea kwa meno yote ishirini na manane, safari hii angepewa Mrefu. Seti yangu ya kwanza kamili, na ndiyo iliyonipandisha ndege!

Habari ya kwaya usimwambie mtu. Hasa Mrefu. Benchi lake limeegemeana na langu kule karakana ya meno ya hospitali, na bado hajanisamehe.

Mke mwenzio


26 Februari

Mke mwenzangu,

Marahaba. Huku wote hawajambo. Mama yako amepaka jiko rangi ya chungwa na sasa anaumwa kichwa kila akipika. Mjomba wako amenunua baiskeli katika umri ambao wenzake wananunua fimbo. Magoti yapo. Paka yuko ndani ya kapu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu kwa sauti. Umesema nisimwambie mtu. Sikumwambia mtu. Niliwaambia watu. Walikuwa foleni ya dawa, hatuna la kufanya pale, na mmoja mwenye kifua kibovu alicheka hadi muuguzi akamwita mbele ya wote. Kwa hiyo umemsaidia mgonjwa.

Usijione mjinga peke yako. Marehemu mume wetu, safari yake ya kwanza ya treni, alishuka kituo kisicho chake. Akaona haya kupanda tena mbele ya watu. Akakaa pale siku tatu, anatembea huku na huko na faili kwapani akijifanya ana shughuli. Alinitobolea siri hiyo tukiwa na watoto wanne.

Kula vizuri. Mimi siku hizi nimependa uji na mayai laini. Ni umri. Unauliza meno. Meno yapo.

Bibi yako, mke mkubwa


14 Machi

Bibi, mke mkubwa,

Shikamoo. Mwambie Mama rangi ya chungwa inafunikwa na nyeupe mara mbili. Mwambie Mjomba avae kofia ngumu. Wale wa foleni ya dawa wasalimie, kwa kuwa sasa tunajuana.

Nilidhani ya kwaya yametosha. Sikiliza mengine.

Jirani na ninapokaa kuna lango kubwa la mawe, juu yake limechongwa neno moja. Kila anayepita pale anapunguza mwendo, wanaume wanavua kofia. Nikaona hapana shaka, hili ni neno la heshima, ndiyo shikamoo yao. Kamusi ninayo, lakini kamusi ni ya mtu mwenye wasiwasi, na mimi nilikuwa na uhakika. Basi kila asubuhi nilimkuta Mama Mwenye Nyumba jikoni, nikainamisha kichwa kama ninavyokuamkia wewe, nikamwambia lile neno. Siku ya kwanza aliangusha kijiko. Siku ya tatu akaanza kupanga kabati zake na kugawa sahani. Siku ya saba akaja binti yake kutoka mji mwingine, na sanduku. Siku ya kumi na moja binti akanikalisha kitako.

"Umeona nini kwa mama yangu?"

"Mimi? Sijaona kitu."

"Mbona kila asubuhi unamwambia apumzike kwa amani?"

Lango ni la makaburi, Bibi.

Nilitamani sakafu inimeze. Lakini yule mzee alipoelezwa alishika meza kwa mikono miwili, akacheka hadi miwani ikaanguka. Sasa yeye ndiye ananiamkia hivyo. Nikichelewa kuamka anagonga mlango na kuuliza kama nimekwisha kupumzika.

La pili ni fupi. Choo cha chuo kina kamba nyekundu. Nikaivuta nikidhani ni ya maji. Si ya maji. Kengele ikalia jengo zima, mlango ukafunguliwa kwa nje, wakaingia watu watatu na machela. Sikuwa nimemaliza. Aliyeshika upande wa mbele wa machela ni mwalimu wetu mkuu, na hivyo ndivyo tulivyofahamiana. Moyoni namwita Bwana Machela. Ni mtu mfupi, msema machache, lakini akitazama jino lako unahisi amekuona hadi visigino.

Wiki ijayo kila mmoja wetu ataonyesha darasani picha ya kazi yake bora ikiwa mdomoni mwa mwenyewe. Mimi nitapeleka ile yako ya siku uliyotimiza miaka sabini, unacheka karibu na dirisha. Wenzangu watakoma!

Mke mwenzio


30 Machi

Mke mwenzangu,

Marahaba. Mama yako amepaka nyeupe, chungwa inachungulia. Mjomba wako ameingia mtaroni, ametoka.

Picha yangu usiipeleke. Mimi ni mtu mzima, siwezi kutembezwa darasani ugenini midomo wazi. Peleka ya yule fundi saa uliyemtengenezea mwaka jana, ana sura ya kupigwa picha. Au sema imepotea. Wewe umeweza kuimba nyimbo tatu bila sauti, hilo halitakushinda.

Nimecheka ya makaburi. Ya choo sikuwasomea watu foleni, nina heshima zangu. Niliwasimulia tu.

Bibi yako


15 Aprili

Bibi,

Shikamoo. Barua yako imefika baada ya picha kuonyeshwa.

Sina mkasa wa kukusimulia leo. Nina maswali tu, na naomba uyajibu moja moja. Ukila, unatafunia upande gani? Jioni taya linachoka? Ukifunga mdomo, midomo inakutana yenyewe au unaivuta? Meno huwa unayavua saa ngapi?

Ni kwa ajili ya darasa.

Mjukuu wako


9 Mei

Bibi,

Shikamoo. Wiki tatu zimepita na zaidi. Mama anasema hujambo, unakula, unapiga soga na majirani, na kwamba ukiulizwa habari zangu unasema "ameandika" na kuondoka chumbani. Umeninunia?

Basi nitasema mimi. Nilisimama mbele ya darasa na picha yako ukutani, kubwa kama mlango. Nilijivuna, Bibi, sikufichi. Wenzangu walipiga makofi. Bwana Machela hakupiga. Aliisogelea picha, akaitazama kitambo, akaweka kidole hapa na hapa, pembeni mwa mdomo wako. Akasema, "Huyu mama hafungi mdomo. Anaulazimisha. Meno ni marefu kuliko nafasi. Yanagongana kabla ya taya kupumzika." Akaniuliza, "Huwa anasema yanauma?"

Nikamwambia hapana, hajawahi kusema.

Akanijibu, "Sikuuliza kama yanauma. Nimeuliza kama huwa anasema."

Ningependelea machela, Bibi. Niandikie.

Mjukuu wako


24 Mei

Mke mwenzangu,

Marahaba. Mama yako hajambo. Mjomba wako ameingia mtaroni mara ya pili, palepale. Karatasi ilikuwepo, kalamu ilikuwepo, mimi ndiye sikuwepo.

Haya. Yanauma.

Yanauma tangu siku ile ya Jumanne uliyonivisha, sasa mwaka wa tatu. Chini upande wa kulia yanachubua. Nikizungumza sana yanagongana, nasikika kama mtu anayepiga taipu. Nikisikia viatu vyako kwenye ngazi nayavaa. Ukitoka, yanaingia kwenye bilauri nyuma ya redio. Unakumbuka ile tabia yako ya kusahau mwavuli na kurudi ghafla? Umenitesa na mwavuli ule kuliko na meno. Unauliza natafunia upande gani. Sitafuni. Nina miaka mitatu sijatafuna kitu mbele ya mtu yeyote isipokuwa wewe.

Ungekuwepo mahali pangu ungefanya nini? Uliponivisha ulirudi nyuma hatua mbili, ukashika mdomo wako, ukalia. Ukasema, "Bibi, una miaka arobaini." Sasa mimi nianze kusema panachubua? Nikajiambia nitasema kesho. Kesho yake ukaja na keki ya kunipongeza. Nikaimeza kama kidonge.

Kisha akaja Daktari Mkuu na daftari lake, anatafuta wa kumpeleka chuoni. Akanitazama mdomoni, akauliza, "Mama, kuna mahali panauma?" Wewe ulikuwa umesimama nyuma yake, mikono umeifumbata hivi, hupumui. Kwenye zile nyaya za simu nimesikia waongo wa kila aina, mawakili, wachumba, na mume wetu mwenyewe. Sijasikia aliyeongopa vizuri kama mimi siku ile. "Hayaumi," nikasema, nikacheka, nikang'ata na tufaha aliloniwekea. Machozi yalinitoka, akadhani ni furaha.

Sijutii safari. Kama nisingesema vile ungebaki hapa unatazama ndege zikipita. Ninajutia tu kwamba ameniumbua mtu ambaye hata hajanisalimia.

Bibi yako


8 Juni

Bibi,

Shikamoo. Nimekasirika, kwa hiyo nitaandika taratibu.

Miaka mitatu! Nimelia, kisha nikahesabu. Baada yako nimewavisha wagonjwa kumi na wanne, wote kwa kipimo kilekile nilichokipata kwako, kwa kuwa nilidhani ndicho kipimo sahihi. Ni wangapi kati yao wana bilauri nyuma ya redio? Yule fundi saa uliyetaka nimpeleke badala yako, hukuona jinsi anavyotabasamu bila kusogeza shavu? Ulinionea huruma mimi, ukawaachia wao.

Siku niliyopata barua yako nilifunga sanduku. Nikaenda kwa Bwana Machela, nimekwisha kukariri hotuba kwa lugha yao: kwamba nafasi hii niliipata kwa uongo, kwamba bibi yangu alimdanganya daktari, kwamba narudi nyumbani. Baadaye wenzangu walinieleza nilichosema hasa. Nilimwambia kwamba bibi yangu ni daktari, kwamba mimi ni uongo, na kwamba ninauma watu.

Alisikiliza yote. Kisha akasema polepole ili nielewe, "Ungekuwa unajua kupima, mimi ningekuwa nakufundisha nini?" Akaniambia nikafungue sanduku. Wenzangu watafanya kazi ya mwisho kwa mifano ya plasta ya chuo. Ya kwangu itakuwa mdomo wako.

Kwa hiyo sikiliza. Nahitaji umbo la ufizi wako, juu na chini, na kipimo cha mdomo ukiwa umetulia. Kuna mtu mmoja tu huko anayeweza kulichukua. Najua unachofikiri. Nenda hivyohivyo. Mwambie Mrefu ukweli wote, akitaka kumpelekea Daktari Mkuu na apeleke. Afadhali nipoteze benchi kuliko kukaa juu ya maumivu ya watu.

Bado nimekasirika. Usisahau dawa ya magoti.

Mjukuu wako


25 Juni

Mke mwenzangu,

Marahaba, na hasira zako nimezipokea. Ni haki yako. Ya wale kumi na wanne sikuyafikiria hata mara moja. Nilijiona mimi na wewe tu, kama vile dunia ina midomo miwili.

Nilikwenda karakana Jumatatu asubuhi, nimevaa vizuri kama mtu anayekwenda mahakamani. Mrefu alikuwa anasugua jino la mtu.

"Mrefu, nimekuja unipime mdomo."

"Kulikoni, Bibi? Si una meno ya mjukuu wako?"

"Yanauma."

Akazima mashine. Hakunitazama. "Najua," akasema.

"Unajua?"

"Yanagongana. Kila ukija kumletea chakula nayasikia. Tak, tak, tak. Hata ukiwa bado ukumbini."

"Na ukanyamaza? Wewe uliyeitaka safari ile?"

Akapangusa mikono muda mrefu kuliko ilivyochafuka. "Ningesema, watu wangeniona nina kijicho. Na kijicho nilikuwa nacho kweli, Bibi. Ndiyo maana nilishindwa kusema."

Nikakaa kitini. Nikafungua mdomo.

Umbo lilichukuliwa mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka na ule unga wa kuchukulia umbo ukiwa bado laini mdomoni. Mara ya pili nilimtapikia viatu. Mara ya tatu alisimama mbali kidogo, mikono yake ni mirefu, akafanikiwa. Kisha akaniwekea nta, akaniambia niseme "mama" taratibu, mara nyingi, akawa anaikata kidogo kidogo hadi midomo yangu ilipokutana yenyewe. Nilisema "mama" mara thelathini. Sijui hata ni mara ya ngapi nilipoanza kumkumbuka mama yangu, nikalia, na Mrefu akajifanya anatafuta kisu.

Anasema ulizidisha milimita nne na nusu. Anasema pia hatampelekea Daktari Mkuu chochote. Utajipeleka mwenyewe ukirudi.

Kifurushi nimekitia posta kwa mkono wangu. Yule binti wa dirishani, mgeni kazini, ameuliza kuna nini ndani ili ajaze fomu. Nimechoka na uongo, nikamwambia ukweli. Ameandika "taya la bibi".

Bibi yako


20 Julai

Bibi, mke mkubwa,

Shikamoo. Mwambie Mjomba abadilishe njia. Hasira zimekwisha, na utaona kwa nini: haiwezekani kukasirika na kucheka kwa pamoja.

Niliitwa forodha. Chumba kidogo, meza ya chuma, maofisa wawili wamevaa glavu, na katikati ya meza kifurushi chako kimefungwa utepe wa manjano. Fomu ilikuwa imetafsiriwa na mashine yao, neno kwa neno. Mkubwa wao akauliza, "Hili ni nini?"

"Ni taya la bibi yangu."

"Na bibi yako mwenyewe yuko wapi?"

Nilitaka kusema yuko nyumbani, mzima, anapiga soga. Lakini niliogopa, na ukiogopa ulimi unakimbilia neno unalolijua kuliko yote. Bibi, neno ninalolijua kuliko yote katika lugha hii ni lile la langoni.

Nikawaambia umepumzika kwa amani.

Mlango ukafungwa. Maji nikaletewa, simu zikapigwa. Nikaulizwa ulipumzika lini, kwa sababu gani, na sehemu nyingine ziko wapi. Kila nikijitahidi kueleza nilizidi kujichimbia. Nilisema nimekuja kukutengeneza upya. Aliyeniokoa ni Mama Mwenye Nyumba. Walimpigia kuhakikisha anwani, akaja na ndara za nyumbani, akasukuma kila aliyesimama njiani. Akakifungua kifurushi mwenyewe, akalichukua taya lako, akalikwaruza kwa ukucha mbele ya pua ya mkubwa wao. "Plasta!" akasema. "Plasta, na huyu ni fundi!" Tulipotoka aliniambia nisimwamkie tena hadi nijifunze salamu nyingine.

Nimekupanga siku tisa. Jino kwa jino kwenye nta, ishirini na manane, nikiwa na kipimo cha Mrefu pembeni. Nilipomaliza kulitengeneza taya la chini nilivunja nikaanza tena, kwa kuwa upande wa kulia haukuniridhisha. Bwana Machela alipima, akapima tena, akasema "mm". Darasani wanasema hajawahi kumwambia mtu "mm" kwa sauti ya juu hivyo. Amenipa alama za kupita. Za sifa amekataa kunipa. Amesema seti haijaisha hadi mwenye mdomo asahihishe.

Meno yamo ndani ya kifurushi hiki, na kwenye fomu nimeandika "plastiki". Mimi nabaki hadi Septemba kwa mazoezi ya kazi. Mrefu atakuvisha. Yeye nimempelekea orodha ya wale kumi na wanne, awaite wote. Daktari Mkuu nimemwandikia mwenyewe, kurasa mbili, sijaficha kitu. Bado hajajibu, na kila nikimwona mleta barua namwahi mlangoni.

Nakuomba neno moja, Bibi. Safari hii usinichekee kwa meno yote. Niambie.

Mke mwenzio


11 Agosti

Mke mwenzangu,

Marahaba. Mama yako amekubali rangi ya chungwa. Baiskeli imeuzwa, aliyeinunua naye ameingia mtaroni.

Daktari Mkuu alikuja karakana mwenyewe na barua yako mfukoni. Alimkuta Mrefu amewapanga wateja wako kwenye mabenchi. Kumi na mmoja wamekwisha kuja. Akawauliza mmoja mmoja, "Yanauma?" Wote wakasema hayaumi. Nilikuwapo. Nikasimama katikati yao, nikavua yangu ya zamani, nikayainua juu watu wayaone, nikasema bila meno, "Mimi yaliniuma miaka mitatu, na yule ni mjukuu wangu." Kisha fundi saa akatia kidole mdomoni, akaonyesha mahali. Baada yake tisa wakaonyesha. Aliyebaki kweli hayamuumi, sijui ulimfanyaje. Daktari ameandika mengi kwenye daftari lake. Kwangu alisema tu kwamba ukirudi una kazi ya wagonjwa kumi kabla hujapokea mgonjwa mpya, na benchi ni lako.

Sasa yangu. Mrefu alinivisha Jumanne. Nimeyavaa siku nne. Mdomo unafunga wenyewe. Mama yako alidhani nimenuna, kumbe nimetulia tu. Hayagongani. Nimekwenda kwa majirani nikaongea saa mbili na hakuna aliyesikia kitu ila umbea. Juzi nimekula karanga, ngumi nzima, nikiwa nimeketi mbele ya watu.

Lakini juu, kushoto, la pili kutoka nyuma, linawahi kugusa kabla ya wenzake. Nimekaa na kalamu tangu saa nne asubuhi. Niliandika kwamba yako sawa kabisa, nikachana karatasi. Niliandika kwamba linagusa kidogo tu, si neno, nikachana na hiyo. Mrefu ametaka kulisugua, nimemkataza.

Linauma, mke mwenzangu. Njoo na tupa yako.

Bibi yako